Amana ya Nani? Lugha ya Watawala Juu ya Ardhi na Wanyama wa Tanzania

Katika historia ya Tanganyika, na ya Tanzania iliyofuata, ni nadra kuona serikali ikigusa mlima, msitu au mbuga pasipo kwanza kukipa kitendo chake jina. Kazi ya kuzuia mmomonyoko ilikuwa na jina. Mpango uliowaondoa ng'ombe bondeni ulikuwa na jina. Hata mwindaji haramu alifukuzwa porini na operesheni yenye jina lake. Majina hayo hayakuzuka yenyewe. Kila moja lilichaguliwa na mtu mwenye mamlaka, likatangazwa barazani, gazetini au redioni, na kazi yake ilikuwa kumwaminisha mwananchi kwamba jambo linalotendwa ni la haki, na kwamba yampasa kuliunga mkono. Kwa hiyo mwanafunzi wa historia anayetaka kujua namna watawala walivyoyatazama mazingira ya nchi hii hana budi kuyasoma majina hayo kwa uangalifu uleule anaozisomea sheria na hesabu.

Maneno machache ya namna hiyo yakifuatwa tangu miaka ya 1950 hadi siku hizi, jambo moja huonekana wazi. Lugha ya watawala ilitoka katika amri ikaingia katika amana. Mtawala wa kikoloni aliamuru; kiongozi wa nchi huru alisema kwamba analinda kitu alichokabidhiwa. Mageuzi hayo yalikuwa makubwa na yenye heshima. Lakini amana, kwa desturi ya Waswahili, ina mwenyewe, na mwenyewe ana haki ya kuidai siku aitakayo. Anayeitumia bila idhini huambiwa amekula amana, na hilo ni tusi zito. Swali ambalo lugha ya viongozi imelipita pembeni mara nyingi ni hili: ardhi na wanyama hawa ni amana ya nani?

Yafaa kuanza na neno hifadhi lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, na kabla ya kuingia katika vitabu vya serikali lilikuwa limeishi miaka mingi vinywani mwa watu. Mama humwombea mwanawe Mungu amhifadhi safarini. Mwanafunzi wa chuo huhifadhi Kurani, yaani huitia moyoni isimpotee. Katika matumizi yote hayo hifadhi ni tendo, na yuko mtu anayelitenda kwa mapenzi au kwa wajibu. Katika lugha ya serikali neno hilo likawa, kidogo kidogo, jina la mahali. Hifadhi ikapata mipaka, lango, askari na kiingilio. Mtu aweza kuingia hifadhini, na aweza pia kutolewa. Ndipo ikawezekana kusema maneno ambayo mzee wa zamani angaliyaona ya ajabu, kwamba fulani amefukuzwa hifadhini. Maana kwake yeye hifadhi ndipo mahali anapokimbilia mtu aliyefukuzwa.

Maneno yaliyo jirani nalo yana habari kama hiyo. Sheria za wanyamapori zimetambua pori la akiba na pori tengefu. Akiba ni neno la mkulima: ni nafaka aliyoiweka ghalani kungoja siku ya njaa, naye ndiye mwenye ufunguo wa ghala. Tengefu latokana na kutenga, nalo halisemi kilichotengwa kimetengwa na nani. Na neno mazingira, ambalo leo halikosekani katika hotuba yoyote, ni ndugu wa kuzingira, yaani kuzunguka pande zote kama jeshi linavyouzingira mji. Maneno haya hayana hatia yoyote. Ila yaonyesha kwamba Kiswahili, tangu mwanzo, kilikuwa na njia ya kuuliza nani yumo ndani ya duara na nani yuko nje.

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Kiingereza iliingiwa na hofu kubwa juu ya mmomonyoko wa udongo katika Afrika ya Mashariki. Mipango ya kuokoa ardhi ilianzishwa Usambara, katika bonde la Mlalo, kisha Usukumani, na karibu na mwaka wa 1950 katika milima ya Uluguru. Wataalamu waliona miteremko mikali iliyolimwa bila kinga, wakaona udongo ukichukuliwa na mvua mpaka mitoni, wakahofia maji ya watu wa uwandani. Hofu hiyo haikuwa ya uongo. Kosa lilikuwa katika namna mambo yalivyosemwa na kutendwa. Mpango ulimtazama mkulima kama mwanafunzi mtukutu: yeye hajui, bwana shamba ndiye ajuaye, na asiyetaka kujifunza ataadhibiwa kwa faida yake mwenyewe.

Neno tuta lilikuwa la mkulima kabla ya kuwa la serikali. Ndilo jina la udongo ulioinuliwa kwa jembe ili kupandia viazi. Chini ya mpango wa Uluguru, matuta yakawa jina la kazi ya lazima, na aliyekataa kuyachimba aliletwa mbele ya baraza la wenyeji akatozwa faini. Tena katika sehemu nyingi za milima hiyo udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba tu. Kuchimba ngazi mlimani kulifukua udongo mfu wa chini na kuufukia ulio hai. Mkulima aliyeambiwa kwamba anaokoa shamba lake aliona kwa macho mavuno yakipungua. Mwezi wa Julai 1955, huko Matombo, hasira zikafurika. Watu walikusanyika, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akauawa. Mpango wa kulazimisha matuta ukaachwa.

Maofisa wengi walieleza ghasia hizo kwa neno moja: uchochezi. Chama cha TANU kilikuwa kimezaliwa mwaka uliotangulia, 1954, na ilikuwa rahisi kusema kwamba Mluguru alikuwa ametulia mpaka alipojiwa na watu wa siasa. Neno uchochezi lilifanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Lilimwondolea mkulima akili, likifanya hoja yake kuwa ya kuazima; na lilimwondolea mtaalamu lawama, likifanya mpango wake kuwa mwema uliharibiwa na wengine. Viongozi wa TANU walijifunza somo hilo vizuri. Miaka mingi baada ya Uhuru ilikuwa vigumu kwa kiongozi kusimama mbele ya wakulima wa milimani na kulitaja neno matuta, kwa kuwa lilikuwa limekwisha kuwa jina la ukoloni wenyewe. Udongo uliendelea kushuka na maji, lakini neno ambalo lingaliweza kuuzuia lilikuwa limechafuka.

Wakati huohuo lugha nyingine ilikuwa ikiandaliwa. Katika mwaka wa 1958 Julius Nyerere aliandika kijitabu kilichoitwa Mali ya Taifa, akipinga mawazo ya kuwapa watu binafsi ardhi iwe milki yao ya kununuliwa na kuuzwa. Kwa muhtasari, hoja yake ilikuwa kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu kwa viumbe wake. Mtu hakuiumba, na kwa hiyo hawezi kuimiliki kama amilikivyo kitu alichokitengeneza kwa mikono. Lililo lake ni haki ya kuitumia. Hapa neno mali lilipata maana mpya ya kisiasa. Mali ya taifa ni mali ya wote. Lakini kila kilicho cha wote chahitaji mtunzaji, na mtunzaji huyo, baada ya Uhuru, angekuwa serikali.

Mwaka huohuo wa 1958 neno jingine lilikuwa likiandikwa upande wa kaskazini. Hifadhi ya Serengeti, iliyoanza kutumika kama hifadhi ya taifa mwaka 1951, ilikuwa na wakazi Wamasai na mifugo yao. Baada ya mabishano marefu, mwezi wa Aprili 1958, wazee wa Kimasai waliweka sahihi zao katika karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza, wakikubali kuondoka katika Serengeti ya magharibi. Upande wa mashariki, pamoja na nyanda za Ngorongoro, ukatengwa mwaka 1959 uwe eneo ambamo watu, mifugo na wanyamapori wataishi pamoja. Katika mwezi wa Agosti mwaka huo Gavana Richard Turnbull alilihutubia baraza la Wamasai akatoa ahadi: endapo maslahi ya wanyama na ya watu yatagongana katika eneo hilo, maslahi ya watu ndiyo yatakayotangulia. Ahadi hiyo ilikuwa ya mtawala aliyejua kwamba siku za utawala wake zimebaki chache. Ilitolewa kwa mdomo mbele ya wazee, nao, kama ilivyo desturi ya watu wa baraza, waliichukua kuwa neno la serikali, si neno la mtu mmoja.

Miaka miwili baadaye, mwezi wa Septemba 1961, Arusha ilipokea mkutano mkubwa wa wataalamu wa kuhifadhi viumbe wa Afrika. Uhuru ulikuwa umebakiza miezi mitatu. Hapo ndipo lilipotolewa tamko ambalo baadaye liliitwa Ilani ya Arusha, likiwa na sahihi ya Nyerere, ambaye wakati huo alikuwa Waziri Mkuu, pamoja na sahihi za mawaziri wake Abdallah Fundikira na Tewa Said Tewa. Tamko hilo ni fupi, na labda hakuna maneno mengine ya kiongozi wa Afrika juu ya wanyamapori yaliyonukuliwa zaidi yake. Lilisema kwamba uhai wa wanyama hao ni jambo zito kwa Waafrika wote. Kwamba viumbe hao wana thamani kwa uzuri wao na pia kwa maisha na ustawi wa baadaye wa watu. Kwamba serikali inaupokea udhamini wao. Na kwamba kazi hiyo yahitaji ujuzi, watu waliofunzwa na fedha, ambavyo mataifa mengine yanaombwa yasaidie kuvileta.

Mambo mawili katika tamko hilo yastahili kutazamwa kwa karibu. La kwanza ni neno udhamini. Siku ile Tanganyika yenyewe ilikuwa nchi ya udhamini. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeikabidhi kwa Uingereza iilinde na kuiandaa kujitawala, na kwa miaka mingi wajumbe wa TANU walikwenda New York kudai kwamba mdhamini atimize wajibu wake. Nyerere mwenyewe alisimama mbele ya Baraza la Udhamini mwaka 1955. Kwa hiyo kiongozi aliyesema anapokea udhamini wa wanyama alijua, kuliko wengi waliomsikiliza, maana ya neno lile. Alijua kwamba mdhamini si mwenye mali, na kwamba anayedhaminiwa aweza kusimama akauliza. Ilikuwa kama kuwaambia wakoloni waliokuwa wakihofu kwamba Uhuru utakuwa mwisho wa simba na tembo: mzigo mliosema ni wenu peke yenu, sisi twaweza kuuchukua kwa jina lilelile.

La pili ni lugha na wasikilizaji. Tamko liliandikwa kwa Kiingereza, likasomwa mbele ya wageni, na baadhi ya wachunguzi wa historia hiyo wamesema kwamba kalamu ya Wazungu wa vyama vya uhifadhi ilishiriki kuliandika. Hilo halilipunguzii uzito, maana aliyeweka sahihi ndiye mwenye neno. Lakini laeleza sauti yake. Kwa mgeni, tamko lilizungumza juu ya ajabu na uzuri wa viumbe. Nyumbani, kiongozi yuleyule amenukuliwa mara nyingi akisema kwamba yeye binafsi hana hamu ya kutumia likizo yake kutazama mamba, bali anajua Wazungu na Wamarekani wana hamu hiyo, na kwamba wanyama wataiingizia nchi fedha wakifuata mkonge na almasi. Wengine wameona unafiki katika tofauti hiyo. Yamkini ni sahihi zaidi kuona hesabu ya mtu aliyepokea nchi maskini. Hata hivyo jambo moja halikusemwa katika lugha yoyote kati ya hizo mbili. Mkulima wa Ikoma ambaye tembo wamemlia mtama, na mchungaji wa Ngorongoro ambaye simba amemuulia ndama, hawakutajwa kuwa wenye amana wala kuwa wadai. Udhamini ulikuwa kati ya serikali, vizazi vijavyo na ulimwengu. Jirani wa mnyama alipitwa.

Katika miaka ya 1970 lugha ya serikali ilihamia ndani, ikaanza kumwambia mwananchi wa Tanzania moja kwa moja. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limeitaja ardhi miongoni mwa mambo manne ambayo maendeleo huyahitaji, pamoja na watu, siasa safi na uongozi bora. Ilipofika mwaka 1973 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Dodoma, au HADO kwa kifupi. Jina hilo lilitungwa kwa busara. Neno matuta halimo, wala neno lolote la amri. Limo neno la ulinzi, na jina la mkoa. Lakini katika vilima vya Kondoa, ambako makorongo yalikuwa yameichana nchi vibaya, hatua iliyochukuliwa mwaka 1979 ilikuwa nzito kuliko matuta yoyote. Mifugo yote, makumi ya maelfu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, iliondolewa katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Nyasi na miti ilirudi kwa kasi iliyowashangaza hata wataalamu, na ushahidi huo haufai kufichwa. Ila wenye mifugo ndio walioilipia kazi hiyo, wengine kwa kuigawa mifugo yao kwa jamaa wa mbali, wengine kwa kuhama pamoja nayo. Jina la mpango lilisema ardhi inahifadhiwa. Halikusema gharama yake inabebwa na nani.

Kampeni ya redio ya mwaka 1980, Misitu ni Mali, ilifuata mkondo huohuo. Ilikuja baada ya kampeni nyingine zilizofaulu kuwaingia watu, kama vile Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Majina haya matatu yamejengwa kwa namna moja, kitu fulani ni kitu fulani, kama methali fupi. Lakini mtu hukubali upesi kwamba yeye ni afya na kwamba chakula ni uhai, kwa kuwa afya na uhai ni vyake. Asikiapo kwamba misitu ni mali, huuliza: mali ya nani? Katika nchi ambako kukata mti wa msitu wa serikali kwahitaji kibali, jibu halikuwa gumu kulipata.

Kwa ushahidi wa upande wa pili yafaa kwenda Shinyanga. Wakati wa ukoloni, vichaka vya mkoa huo vilifyekwa kwa wingi ili kumwondoa mbung'o, na kilimo cha pamba na wingi wa mifugo vikazidi kuiacha nchi wazi. Wasukuma walikuwa na desturi yao ya ngitili: sehemu ya malisho hufungwa mvua zinapoanza, nyasi zikaachwa ziote na kukauka zilizosimama, kisha hufunguliwa wakati wa kiangazi kikali ili ng'ombe wasife. Desturi hiyo ilidhoofika sana watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, kwa sababu mwenye ngitili aliiacha nyuma na jirani mpya hakuijua mipaka yake. Katika mwaka wa 1984 Nyerere aliuzuru mkoa huo, akaona vumbi na vilima vitupu, na jina ambalo Shinyanga ilipewa wakati huo, jangwa la Tanzania, liliwachoma wengi. Miaka miwili baadaye, 1986, ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI.

Jina HASHI latoka ofisini, kama HADO. Lakini safari hii kilichotangazwa vijijini hakikuwa hifadhi; kilikuwa ngitili. Mwanzoni maofisa walipanda miti michanga katika vitalu na kuihimiza kwa njia ya kawaida. Walipoona kwamba wakulima hurudisha miti kwa wingi zaidi mahali palipofungwa kwa desturi yao, walilichukua neno la Wasukuma na utaratibu wake pia: ngitili ya mtu binafsi na ya kijiji, mikutano ya dagashida ya kutunga kanuni, na adhabu zilizokubaliwa na wenyeji. Matokeo yajulikana. Mpango ulipoanza, ngitili zilizosalia zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa karne hii zilihesabiwa kwa mamia ya maelfu ya hekta, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 HASHI ilipewa Tuzo ya Ikweta. Sababu za mafanikio hayo ni nyingi, na lugha ni moja tu kati yake. Lakini haikuwa ndogo. Neno ngitili haliwezi kutamkwa bila kutaja mwenye ngitili na siku ya kuifungua. Kiongozi anayelitumia hulazimika kusema nani analinda, analinda nini, na lini atakula matunda ya ulinzi wake. Neno lenyewe linadai hesabu.

Lugha ya wanyamapori haikupata bahati hiyo. Watu wa kusini wamezoea kuliita pori kubwa la Selous shamba la bibi, na husimuliwa kwamba bibi huyo alikuwa mke wa mtawala wa Kizungu aliyepewa nchi ile kuwa zawadi. Masimulizi hayo yawe kweli au yasiwe, msemo umeingia katika Kiswahili cha kila siku, na maana yake ni mali ambayo mwenyewe yuko mbali, hivyo kila apitaye huchuma. Hesabu za tembo katika pori hilo zaeleza vizuri msemo huo: zaidi ya 100,000 katika miaka ya 1970, na takribani 13,000 mwaka 2013. Ujangili wa namna hiyo ulikuwa janga la kweli, na serikali ilijibu kwa lugha ya vita. Mwaka 1989 ilianzishwa Operesheni Uhai. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Tokomeza. Tofauti ya majina hayo mawili haikuwa ndogo. Jina la kwanza lilitaja kinachookolewa. La pili lilitaja kinachoangamizwa, na halikuweka wazi kama ni ujangili au ni mtu. Operesheni hiyo ya pili ilisimamishwa baada ya wiki chache kwa malalamiko ya mateso na vifo. Taarifa iliyosomwa bungeni mwezi wa Desemba 2013 ilisababisha mawaziri 4 kuondoka madarakani. Ni nadra mawaziri kuanguka kwa sababu ya mambo ya porini, na tukio hilo laonyesha kwamba neno kali la kiongozi huteremka likiwa kali zaidi kila ngazi, mpaka limfikie askari mwenye bunduki.

Kutoa jina jipya ni njia nyingine. Mwaka 2019 Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi la bwawa la umeme wa megawati 2,115 katika mto Rufiji, ndani ya Selous, eneo lililokuwa katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1982. Wapinzani wa mradi huo, wengi wao wageni, walisema ni uharibifu wa mazingira. Yeye aliligeuza neno hilohilo: umeme mwingi na wa bei nafuu, alisema, utawaondoa watu katika kukata miti ya kuni na mkaa, basi bwawa ndilo litakaloyalinda mazingira. Mwaka huohuo sehemu kubwa ya pori hilo ikafanywa hifadhi ya taifa. Bwawa likapewa jina la Julius Nyerere, na hifadhi ikapewa jina la Nyerere. Hivyo jina la mtu aliyetia sahihi udhamini wa mwaka 1961 liliwekwa juu ya kitu kinachofunika pori kwa maji na juu ya kitu kinacholilinda, na mshindani wa kimojawapo alionekana kama mshindani wa Baba wa Taifa.

Ngorongoro, hatimaye, yarudisha mjadala mahali ulipoanzia. Sheria ya mwaka 1975 ilikataza kilimo katika eneo hilo. Mwaka 1992 Waziri Mkuu John Malecela aliruhusu bustani ndogo za chakula. Baadaye ruhusa hiyo ikaondolewa. Wakazi, waliokuwa kiasi cha 8,000 mwaka 1959, walizidi 90,000 katika hesabu ya mwaka 2017. Serikali ilisema kwamba eneo limeelemewa, na kuanzia Juni 2022 familia zilianza kuhamia Msomera, wilaya ya Handeni. Neno lililotawala taarifa zote za serikali lilikuwa hiari. Wako waliohama kwa ridhaa yao wakashukuru nyumba na mashamba waliyopewa. Wako pia waliosema kwamba mahali ambapo huduma za afya na elimu zinapunguzwa, hiari hubaki jina tu. Mwanahistoria hana haja ya kuamua haraka kati yao. Yamtosha kuona kwamba hiari ni neno ambalo mwenye kusadikiwa nalo ni mtu anayehama, wala si yule anayetangaza uhamisho. Kiongozi akilisema kwa niaba ya mwingine, amelitumia neno lisilo lake.

Haitakuwa haki kusema kwamba viongozi wa Tanzania walitumia lugha ya mazingira ili kudanganya. Wengi waliamini walichokisema, na nchi yenye sehemu kubwa hivyo ya ardhi iliyotengwa kwa ajili ya viumbe wengine haikufika hapo kwa maneno matupu. Dosari iko mahali pengine. Maneno waliyoyachagua, hifadhi, udhamini, mali ya taifa, akiba, yote ni maneno ya amana. Na lugha ya amana ina watu watatu: aliyeweka, aliyewekewa na kilichowekwa. Mara kwa mara walitajwa wawili tu. Palipotajwa wa tatu, kama Shinyanga, neno lilizaa miti. Palipoachwa tupu, mtu mwingine alikuja kupajaza, na aghalabu alikuwa mwenye hasira.

Wazee wa Kimasai walioisikia ahadi ya Turnbull mwezi wa Agosti 1959 wamekwisha kufa karibu wote. Gavana huyo aliondoka, serikali yake ikaondoka, na sheria aliyoisimamia imefanyiwa marekebisho mengi. Lakini katika mabaraza na mahakamani, watu ambao hawakuwa wamezaliwa siku ile bado huitaja hotuba yake, wakieleza ilitolewa mbele ya nani na iliahidi nini. Hawakuiandika wao. Waliihifadhi kwa maana ya kwanza ya neno, kama mwanafunzi wa chuo anavyohifadhi sura: neno kwa neno, moyoni, mpaka siku ya kuulizwa.